Deni la Kamari Halilipwi kwa Kamari

(Mazungumzo ya redioni. Somo: 2 Wafalme 4:1–7)

  

Leo tutazungumza juu ya deni. Deni si jambo geni kwetu. Mkulima hukopa mbolea na mbegu wakati wa kupanda, akitumaini kulipa mahindi yatakapokauka. Mzazi hukopa karo shule zinapofunguliwa. Mgonjwa hukopa pesa za hospitali. Madeni hayo yana uchungu wake, lakini mtu huweza kuyataja mbele ya wazee wa kanisa na akahurumiwa. Liko deni jingine ambalo mtu halitaji. Ni deni lililoletwa na kamari. Mwenye deni hilo hulala nalo na kuamka nalo. Jumapili huja nalo kanisani, akaimba pamoja nasi, wala sisi hatujui.

Sikuja hapa leo kumkemea mtu. Kama wewe unayesikiliza ndiwe mwenye deni hilo, maneno haya ni yako. Nataka tuone pamoja jinsi deni hilo linavyokua, na jinsi linavyolipwa. Maana linalipwa, ndugu yangu. Lakini halilipwi kwa njia ile ambayo mwenye deni huifikiria kwanza.

Hebu tuangalie lilikotoka. Zamani mtu aliyetaka kucheza kamari alikwenda mahali pa kamari. Kenya ilikuwa na sheria ya kamari tangu mwaka 1966, lakini mtu wa kijijini ilimpasa kusafiri hadi mjini, na huenda jirani angemwona akiingia. Vivyo hivyo, mtu aliyetaka mkopo alikwenda benki au kwenye chama cha akiba na mikopo. Alijaza karatasi, akatafuta wadhamini, akangoja. Katika safari hizo mbili mtu alipata nafasi ya kufikiri, na mara nyingi alirudi nyumbani.

Mambo yakabadilika hatua kwa hatua. Mwaka 2007 M-Pesa ilianza, nasi tukashukuru, kwa kuwa ilitusaidia sana. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari. Mtu aliweza kukopa bila mdhamini, kwa ada ya shilingi 7.50 kwa kila shilingi 100, alipe katika siku 30. Kuanzia mwaka 2014 kubashiri mpira kwa simu kulienea nchini kote. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, ambayo humwezesha mtu kulipa hata kama pesa zake hazitoshi, kwa maana simu humkopesha palepale. Basi mfuko wa pesa, mkopeshaji na meza ya kamari vikakaa pamoja ndani ya simu moja. Siku hizi mtu anaweza kukopa, kucheza na kupoteza akiwa bado kitandani, mkewe amelala ubavuni mwake.

Huko ng'ambo wengi huingia katika shimo hili kwa kadi ya benki ya kukopea. Uingereza iliona madhara yake, na tangu tarehe 14 Aprili 2020 imekataza watu kucheza kamari kwa kadi hizo. Kwetu sisi kadi hiyo ni simu.

Wala tusidhani ni watu wachache. Mwaka 2017 kampuni ya uchunguzi ya GeoPoll iliwauliza vijana wa nchi sita za Afrika kama wamewahi kucheza kamari. Kenya iliongoza: vijana 76 katika kila 100 walisema ndiyo, na wengi walitumia simu. Serikali imejaribu kuzuia. Julai 2019 ilikataa kuzipa leseni mpya kampuni 27 za kubashiri. Aprili 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwaka huo huo nchi ikapata sheria mpya mahali pa ile ya mwaka 1966. Ni vema. Lakini sheria ya nchi haitalipa deni la mtu aliyekwisha kukopa.

Sasa tutazame mtego wenyewe. Mtu akipoteza pesa za kawaida, huumia, kisha husahau. Lakini akipoteza pesa za mkopo, kesho mkopeshaji ataziuliza. Hapo ndipo wazo hili humjia: "Nikishinda mara moja tu, nitalipa yote na kuacha." Wazo hilo linafanana na toba, kwa kuwa lina neno "kuacha" ndani yake. Lakini si toba. Ni kamari ile ile iliyovaa nguo za kanisani.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kuna mchezo ambao nafasi ya kushinda ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Kama mchezo huo ungekuwa wa haki, ukiweka shilingi 100 na kushinda ungepewa 200. Lakini mwenye kamari naye anataka kula. Tuseme anakupa 185. Basi ukicheza mara mbili umeweka 200, na kwa kawaida utashinda mara moja na kurudishiwa 185. Shilingi 15 zimebaki kwake. Sasa tuseme shilingi 1,000 ulizochezea ulizikopa kwa ada ya 7.50 kwa kila 100. Unatakiwa kurudisha 1,075. Mchezo, kwa wastani, utakuachia 925. Pengo ni shilingi 150, hata kama hukuwa na bahati mbaya. Ukikopa tena ili kuziba pengo hilo, pengo linaongezeka. Mtu achimbaye shimo ili apate udongo wa kufukia shimo jingine atamaliza lini?

Labda utasema, "Mimi sichezi michezo midogo. Nangoja ile zawadi kubwa." Ni kweli kwamba mwaka 2017 mtu mmoja wa Kenya alishinda zaidi ya shilingi milioni 220, na habari zake zikaenea kila mahali. Lakini zawadi kama ile hutaka upatie mechi 17. Kila mechi ina matokeo matatu: timu hii kushinda, ile kushinda, au sare. Ukizidisha tatu kwa tatu mara 17, unapata njia 129,140,163. Moja tu ndiyo ya kweli. Basi tuseme wewe ni fundi wa mpira, na kila mechi mbili unapatia moja. Bado nafasi yako ni moja kati ya 131,072. Ukijaza karatasi moja kila juma, ungehitaji zaidi ya miaka 2,500 kuzijaza zote hizo. Mkopeshaji wako hatangoja miaka 2,500. Anataka pesa zake mwisho wa mwezi.

Waswahili walisema zamani, dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kushinda.

Basi njia ni ipi? Twende katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne. Yuko mama mjane ambaye mumewe alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii. Mtu yule alimcha Mungu, hata hivyo alikufa akiacha deni. Mwenye kudai amekuja kuwachukua watoto wawili wa mama huyu wawe watumwa wake. Maandiko hayasemi deni lile lilitoka wapi, wala hatudai kwamba lilikuwa la kamari. Lakini tazameni jinsi lilivyolipwa, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza, mama yule alisema. Alimwendea Elisha akamlilia, akamwambia habari yote. Deni lake lilianza kupungua siku ile, ingawa hata senti moja ilikuwa haijalipwa. Kwa nini? Kwa sababu deni la siri halina msaidizi. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mwenye deni la kamari hubeba mizigo miwili, pesa na siri, na siri ndiyo inayomrudisha kwenye kamari, kwa maana anatafuta njia ya kulipa bila mtu kujua. Ndugu yangu, kama hutaki mtu yeyote ajue, njia pekee inayobaki ni muujiza wa bahati, nasi tumekwisha kuona hesabu yake. Kwa hiyo tafuta mtu mmoja leo. Kama una mke au mume, anza naye, maana deni lako limekwisha kuingia katika sufuria yake hata kama hajui. Kisha mwendee mchungaji, au mzee wa kanisa anayejua kutunza neno. Mwambie kiasi chote. Wengi husema nusu, wakaficha nusu, na ile nusu iliyofichwa ndiyo inayowarudisha nyuma.

Hatua ya pili, Elisha alimwuliza mama yule ana nini nyumbani. Hakuanza kwa kuuliza ni nani atakayemkopesha. Mama akasema hana kitu ila chupa ya mafuta. Basi wewe nawe chukua kalamu na daftari. Upande mmoja andika kila deni: ni la nani, ni kiasi gani, linaongezeka namna gani, litalipwa lini. Upande wa pili andika ulicho nacho: mshahara, mapato ya kila siku, ng'ombe, magunia ghalani, redio, nguvu za mikono yako.

Tuchukue mfano wa kijana wa bodaboda. Katika daftari lake kuna Fuliza shilingi 6,000, M-Shwari 8,000, mkopo mwingine wa simu 10,000, pesa za chama 12,000, na rafiki 5,000. Jumla ni 41,000. Alipokuwa haandiki, deni lilikuwa kama jitu gizani. Sasa lina urefu na upana. Upande wa pili, akiisha kutoa petroli na pesa za mwenye pikipiki, hubaki na shilingi 600 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 15,600. Kodi ya nyumba 3,500, chakula 6,000, na mahitaji mengine ya nyumbani 1,600. Zimebaki 4,500. Kwa 4,500 kila mwezi, deni la 41,000 litakwisha kwa miezi kama kumi, au kumi na mmoja ukihesabu ada. Si kesho, lakini si miaka 2,500.

Hatua ya tatu, mama yule aliambiwa aende kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena vingi. Angalieni neno hili. Aliazima vyombo, hakuazima mafuta. Elisha hakumwambia alipe deni kwa deni jingine. Kwa hiyo mikopo mipya ikome. Ukimaliza Fuliza, jiondoe katika huduma hiyo. Futa michezo ya kamari katika simu, na uzitake kampuni za kamari zifunge akaunti yako. Kama moyo wako bado ni dhaifu, mkeo au ndugu unayemwamini na ashike pesa zako kwa muda. Mtu aliyevunjika mguu haoni haya kutembea na fimbo. Msaada wa majirani una kazi: rafiki anaweza kukupa kibarua cha Jumamosi, mwingine akakusindikiza kwa mkopeshaji, mwingine akakuuliza kila jioni kama umecheza. Hivyo ndivyo vyombo vitupu.

Hatua ya nne, alifunga mlango, yeye na watoto wake. Watoto ndio waliomletea vyombo, naye akamimina. Jamaa yote ilifanya kazi pamoja. Kulipa deni huko ni kazi ya ndani ya nyumba, haina vigelegele. Ni kula ugali na sukuma bila nyama kwa miezi kadhaa. Ni kutembea kutoka Langas hadi mjini badala ya kupanda matatu. Watoto wakubwa waambiwe ukweli kwa kadiri ya umri wao, ili wajue kwa nini mambo yamepungua. Haba na haba hujaza kibaba, na kitabu cha Mithali, sura ya 13, kinafundisha vivyo hivyo: mali ya haraka hupunguka, bali akusanyaye kidogo kidogo huongeza.

Hatua ya tano, mama yule aliuza mafuta, akalipa, kisha yeye na wanawe wakaishi kwa yaliyobaki. Deni lililipwa kwanza. Na hapa tunauliza, katika madeni mengi, lipi lilipwe mbele? Chakula na kodi ya nyumba vitangulie, maana mtu aliyefukuzwa nyumbani hawezi kumlipa mtu. Baada yake, lipa lile linaloongezeka kila siku. Fuliza, kwa mfano, hutoza ada, tena pesa zikiingia katika simu yako hukatwa mara moja. Dada yako akikutumia 500 za dawa ya mtoto, deni litazimeza kabla hujafika duka la dawa. Kwa hiyo deni la namna hiyo liondoe mapema, na kwa sasa pesa za dawa au karo zilipwe moja kwa moja hospitalini au shuleni.

Lakini sikiliza jambo jingine. Anayepiga kelele sana si lazima awe ndiye mwenye haki ya kwanza. Mkopeshaji wa simu hupiga mara kumi kwa siku. Shailoki wa mtaani hutishia kuchukua pikipiki. Lakini yule mama wa chama, aliyeweka shilingi 200 kila juma kwa kuuza mboga, yeye hupita akikuamkia kwa upole na kunyamaza. Usimweke mwisho kwa sababu ananyamaza. Kila mwezi naye apate chochote, hata kidogo, pamoja na neno la kweli juu ya lini atapata mengine. Na kama pesa ulizochezea hazikuwa mkopo, bali ulizichukua bila ruhusa, kutoka kwa mwajiri, au chama, au mfuko wa kanisa, hilo si deni tu. Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake, hakusema tu kwamba amesikitika. Alisema atarudisha, tena mara nne. Nenda ukakiri, ukiwa na mtu wa kukusindikiza, na uanze kurudisha.

Tena ujue haki zako, maana hofu humfanya mtu kukopa ovyo. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa simu kumtisha mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia watu walioandikwa katika simu yake ili kumwaibisha. Ukitendewa hivyo, unaweza kupeleka malalamiko. Tangu mwaka 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 haliruhusiwi kukuingiza katika orodha mbaya ya CRB. Una haki ya kupata taarifa yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka, basi iombe, uone kama madeni yaliyoandikwa ni yako kweli. Kwa mfanyakazi wa mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Na mwendee mkopeshaji kabla hajakujia. Mwambie, "Siwezi kulipa 10,000 mwezi huu, lakini nitalipa 1,500 kila tarehe tano." Mkikubaliana, yaandikwe. Wengi hukubali, kwa sababu kidogo cha hakika ni bora kuliko kingi kisichokuja. Haki hizi si mahali pa kujificha usilipe. Ni ukuta wa kuegemea unapolipa.

Sasa nina neno kwa kanisa. Sisi watu wa Eldoret tunajua kuchanga. Kijana akienda kusoma ng'ambo tunafanya harambee. Msiba ukitokea tunachanga usiku huo huo. Basi mtu wa deni la kamari akija, wengine watataka kuchanga 41,000 na kumkabidhi mkononi. Wapendwa, msifanye hivyo. Mtu aliyezoea kamari akipewa pesa nyingi kwa mara moja yumo hatarini, hata kama machozi yake ni ya kweli. Wengine nao watataka kumtenga na kumfanya hadithi ya jikoni baada ya ibada. Msifanye hivyo pia. Elisha hakumpa mama yule fedha, wala hakumfukuza. Alimpa njia, akampa kazi, na alipomaliza alirudi kwa Elisha kumpa habari. Kanisa nalo lifanye hivyo. Wazee wawili wakae na ndugu huyo kila mwezi, daftari likiwa wazi mezani. Kama kanisa linataka kusaidia kwa pesa, limlipe mwenye nyumba au shule moja kwa moja. Na asipewe kushika sadaka wala hazina ya chama hata apone, si kwa kumdharau, bali kwa kumlinda.

Pia tuchunge vinywa vyetu madhabahuni. Tukiwafundisha watu kwamba Mungu atawatajirisha ghafula Ijumaa ijayo, tusishangae wakitafuta utajiri wa ghafula Jumamosi katika mpira. Mji huu umejaa mfano bora. Kila asubuhi, kabla ya jua kutoka, wakimbiaji wako barabarani. Hakuna hata mmoja aliyeshinda mbio kwa kubashiri. Walikimbia kilomita baada ya kilomita, miaka mingi, ambapo hakuna aliyewapigia makofi.

Tena namkumbuka mtu mmoja anayesikiliza sasa, ambaye amefikiri kwamba afadhali afe kuliko kuonekana. Ndugu yangu, dada yangu, nisikilize. Shilingi 41,000, au 400,000, au milioni nne, haziwezi kuwa bei ya uhai wako. Bwana Yesu amekwisha kulipa bei ya uhai huo, wala hakulipa kwa fedha. Usikae peke yako usiku wa leo. Mwamshe mtu. Kamari inaweza kumshika mtu kama ugonjwa, na Shirika la Afya Ulimwenguni limeiweka katika orodha ya magonjwa. Hapa mjini Hospitali ya Rufaa ya Moi inatibu magonjwa ya akili, na kwenda huko si kukosa imani. Wala usiogope polisi kwa kusema uliyowaza au uliyojaribu kujitendea. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria iliyomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu haipatani na Katiba. Unahitaji msaada, nao uko.

Na ninyi wake, waume na wazazi, mtakapoambiwa habari hii, mtakasirika. Ni haki yenu. Lakini siku ile anapokuja kusema mwenyewe, msimpige kwa maneno hata ajute kwamba alisema. Takeni kuona daftari. Shikeni pesa za nyumbani. Msikope kwa majina yenu ili kumficha. Msamaha ni wa leo, lakini imani hurudi polepole, kama deni linavyolipwa polepole.

Basi wapendwa, tukumbuke neno moja. Deni la kamari halilipwi kwa kamari, wala kwa mkopo mwingine, wala kwa siri. Hulipwa kwa kusema kweli, kwa kuandika, kwa kufanya kazi na kwa kungoja. Yule mjane alianza na chupa moja ya mafuta. Nawe unayo yako, hata kama ni shilingi 50 za jioni ya leo. Anza nayo.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, unawajua wanaolala na deni usiku huu. Wape ujasiri wa kusema, na uwape masikio mema ya kuwasikia. Uwatie nguvu mikononi wafanye kazi, na uwape subira mioyoni wakati deni linapopungua kidogo kidogo. Uwahurumie wake na watoto waliokosa chakula kwa ajili yake. Ufundishe kanisa lako kupokea bila kusengenya na kusaidia bila kudhuru. Tunaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo, aliyetukomboa. Amina.